Kiraka Hakimtoi Mwizi: hotuba kwa mafundi wa TEHAMA wa Nyanda za Juu Kusini

Hotuba hii ilitolewa Mbeya mjini mbele ya mafundi wa TEHAMA kutoka hospitali, vyuo, SACCOS, viwanda vya chai na halmashauri. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao mvua na umbali viliwazuia. Inahusu hitilafu za memori kwenye vifaa vinavyolinda mitandao, na kwa nini kiraka, yaani marekebisho ya programu, hakitoshi peke yake. Michoro iliyokuwa ukutani tumeiacha.

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mliotoka Tukuyu na Kyela, mugonile. Mliotoka Iringa, Mufindi na Njombe, kamwene. Mliopanda basi Makambako alfajiri mkafika mmelowa, poleni sana. Chai ya moto iko nyuma pale, na ni ya Rungwe, kwa hiyo watu wa Mufindi mtatuvumilia leo.

Kwenye mwaliko tuliomba kila mmoja aje na karatasi yenye mistari mitatu. Wa kwanza, jina na modeli ya fayawoli (ule ukuta unaolinda mtandao) ya ofisini kwako. Wa pili, namba ya toleo la programu iliyomo ndani yake. Wa tatu, tarehe ya mwisho uliyoisasisha. Ishikeni karatasi hiyo, tutairudia.

Jambo la kwanza, na tuanzie sokoni. Nani hapa hajawahi kuona lumbesa? Hakuna. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 100. Mnunuzi anapanda Isyonje, anapatana na mkulima bei ya gunia moja, kisha analijaza mpaka mdomoni, anashonea wavu juu, anaendelea kujaza, mpaka gunia linaota nundu. Kwenye daftari ni gunia moja. Kwenye lori ile nundu inalilalia gunia la jirani. Niambieni, ilikuwaje likapita? Lilipita kwa sababu pale shambani watu walihesabu magunia, hawakuweka mizani.

Hitilafu tunayoizungumzia leo ni lumbesa ndani ya memori ya kompyuta. Programu inatenga nafasi ya kuweka kitu, nafasi hiyo inaitwa bafa. Inatarajia kitu cha ukubwa fulani. Anakuja mtu kutoka intaneti, analeta kikubwa kuliko nafasi ile, na programu haina mizani. Kinachozidi kinamwagikia kwa jirani. Na jirani ndani ya memori si viazi vingine.

Tuitazame moja kwa karibu. Tarehe 8 Januari 2025 kampuni ya Ivanti ilitangaza hitilafu yenye namba CVE-2025-0282 (CVE ni orodha ya dunia ya hitilafu) kwenye Connect Secure, kifaa ambacho wafanyakazi walio nje ya ofisi hukipitia ili kuingia kwenye mtandao wa ndani. Watafiti walipoichambua programu walikuta bafa ya baiti 256. Kompyuta ya mfanyakazi inapojitambulisha, hutuma maneno ya kueleza uwezo wake, na maneno hayo hunakiliwa kwenye ile bafa kwa amri ya lugha ya C iitwayo strncpy. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye utamu. Amri hii ilitungwa makusudi ili kuzuia lumbesa. Unaiambia mambo matatu: weka wapi, toa wapi, na usizidi kiasi gani. Penye kiasi unatakiwa kuandika ukubwa wa gunia. Mwandishi wa programu aliandika ukubwa wa mzigo.

Mmeona? Mizani ipo, imefungwa, ina na muhuri. Lakini inamgeukia mwenye viazi na kumuuliza, "Wewe umeleta kilo ngapi?" Akijibu mia tatu, inasema sawa, pitisha mia tatu.

Na jirani ni nani? Programu inapoenda kufanya kazi ndogo ya pembeni huacha alama ya pale ilipoishia, ili ikimaliza irudi hapohapo. Alama hiyo inaitwa anwani ya kurudi, nayo hukaa kwenye memori ileile, hatua chache kutoka kwenye bafa. Mdukuzi akituma baiti zilizopimwa sawasawa, zile za mwisho zinaifuta anwani ya kurudi na kuandika anayoitaka yeye. Kazi ya pembeni inapokwisha, programu hairudi kwake, inakwenda alikoelekezwa. Kuanzia hapo kifaa ni cha mgeni. Na jina la mtumiaji je? Nywila je? Hajaulizwa bado. Yote haya yametokea wakati mlinzi anafungua mdomo kuuliza, "Wewe nani?"

Kosa hili si geni hata kidogo. Mnyoo, yaani programu inayojisambaza yenyewe, uliosumbua intaneti ya Marekani tarehe 2 Novemba 1988 ulipitia, pamoja na njia nyingine, bafa ya baiti 512 iliyokuwa haina mizani. Mwaka 2019 Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya hitilafu za usalama wanazozitengenezea viraka kila mwaka ni za memori. Lugha za C na C++ zinamwachia mwandishi kazi ya kupima, na binadamu huchoka. Vifaa vingi vya ulinzi wa mitandao vimejengwa kwa lugha hizo, vingine juu ya kodi ya miaka ishirini. Basi. Historia tuiachie hapo.

Jambo la pili, ndugu zangu: mlinzi mwenyewe ni mlango.

Mwezi Machi mwaka 2004 ilitangazwa hitilafu kwenye bidhaa za ulinzi za kampuni ya Internet Security Systems, zikiwemo BlackICE na RealSecure. Kazi ya bidhaa hizo ilikuwa kukagua kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data, inayopita. Ndani yake kulikuwa na kipande cha programu cha kusoma ujumbe wa ICQ, huduma ya kuchati ya zama zile. Kipande hicho hakikuwa na mizani. Hazikupita siku mbili tangu tangazo, ukatoka mnyoo ulioitwa Witty. Ndani ya dakika kama 45 ulikuwa umeshika kompyuta zipatazo 12,000. Kila kompyuta iliyoshikwa ilituma pakiti 20,000 kutafuta wenzake, kisha ikaandika takataka za kilobaiti 65 mahali popote kwenye diski yake, ikarudi kutuma tena, ikaandika tena, mpaka mashine ikafa.

Waathirika walikuwa akina nani? Walikuwa wale walionunua ulinzi. Ambaye hakuwa na bidhaa hiyo mnyoo ulimpita tu. Na ICQ yenyewe hukuhitaji kuwa nayo. Ilitosha kwamba mlinzi wako anajua kuisoma.

Hapo ndipo hatari ilipo. Fayawoli inayojua kukagua lugha mia moja za mitandao ina vipande mia moja vya kusomea, na kila kipande ni mahali ambapo mtu angeweza kusahau mizani. Tena imekaa mbele kabisa, ina anwani ya umma, haizimwi usiku. Kompyuta ya mhasibu iko nyuma ya ukuta. Fayawoli ndiyo ukuta wenyewe.

Kuna swali tunalisikia kila tunapopita: "Sisi wa Mbeya nani anatujua? Nani ahangaike na hospitali ya wilaya?" Jibu ni kwamba hakuna anayekujua, wala hahitaji kukujua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu ya ZMap inayogonga mlango mmoja, yaani namba ya huduma moja, kwenye anwani zote za intaneti za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, kutoka kompyuta moja yenye laini ya gigabiti moja. Anwani zote ni kama bilioni 4.3. Anayetafuta haandiki "Mbeya". Anaandika namba ya mlango, anasubiri majibu, na fayawoli yako ya Uyole inajibu kwa adabu kama ya London.

Tuje jambo la tatu, na hapa tutakaa.

Kiraka hufunga tundu. Kiraka hakimtoi mwizi. Narudia kwa waliokuwa wanamimina chai: kiraka hufunga tundu, hakimtoi mwizi aliyekwisha kuingia.

Mwezi Februari 2024 idara za ujasusi za Uholanzi zilitoa taarifa kwamba mwaka uliotangulia zilikuta programu ya kijasusi, zikaiita COATHANGER, ndani ya FortiGate, fayawoli ya kampuni ya Fortinet, kwenye mtandao mmoja wa jeshi lao. Mtandao huo ulikuwa na watumiaji wasiofika 50, wa kazi za utafiti zisizo za siri. Wasiofika hamsini! Hiyo ni shule ya sekondari na ofisi zake. Wadukuzi waliingia kwa CVE-2022-42475, lumbesa ya memori kwenye sehemu ya SSL-VPN, njia ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa mbali, iliyotangazwa Desemba 2022. Juni 2024 Waholanzi wakarudi na hesabu: vifaa visivyopungua 20,000 duniani vilikuwa vimeingiliwa, na 14,000 kati ya hivyo viliingiliwa katika miezi miwili ya kabla kampuni haijatangaza chochote. Yaani fundi aliyekuwa anasubiri tangazo hakuwa na namna ya kuwahi.

Ile programu ya kijasusi ilifanyaje fundi alipozima na kuwasha? Ilirudi. Alipoweka toleo jipya? Ilirudi. Mwenye kifaa alisoma tangazo, akasasisha usiku uleule, akalala na amani yake, na mgeni akalala humo humo ndani.

Aprili 2025 Fortinet wenyewe walieleza jambo linalofanana. Wadukuzi walioingia kwa hitilafu za miaka ya nyuma, ile ya 2022, ya 2023 na ya 2024, waliacha kiungo kidogo kwenye folda ya mafaili ya lugha za SSL-VPN. Folda hiyo husomwa na mtu yeyote anayefungua ukurasa wa kuingilia, ndiyo maana ukurasa unaweza kuonekana kwa Kifaransa au Kihispania. Kiungo kilielekeza kwenye mzizi wa mafaili ya kifaa. Kiraka kikawekwa, tundu likafungwa, kiungo kikabaki, na mgeni akaendelea kusoma. Kusoma tu, hakuweza kuandika. Lakini ndani ya faili la mipangilio kuna nini? Majina ya watumiaji, nywila zilizofichwa, funguo za VPN za matawi, na akaunti ambayo fayawoli huitumia kuulizia watumiaji kwenye seva yako. Usafishaji ulikuja na matoleo 7.6.2, 7.4.7, 7.2.11, 7.0.17 na 6.4.16. Wenye FortiGate, linganisheni na mstari wa pili wa karatasi zenu sasa hivi. Na angalieni hili: ambao hawajawahi kuwasha SSL-VPN hawakuguswa kabisa. Tutalirudia.

Kuna aina nyingine ambayo mdukuzi haandiki kitu, anasoma tu kilichomwagika. Oktoba 2023 Citrix walitoa kiraka cha CVE-2023-4966 kwenye NetScaler, kifaa chao ambacho watu hukipitia kuingia mtandao wa ofisi. Kifaa kilikuwa kinatengeneza jibu, kinauliza jibu lina urefu gani, na kinapewa urefu ambao jibu lingekuwa nao kama lingeenea lote, hata pale lilipokatwa. Kwa hiyo kikatuma jibu pamoja na vipande vya memori vya jirani. Mle ndani kulikuwa na tokeni za sesheni za watu walioingia tayari. Tokeni ni kama kipande cha tiketi ya basi kilichokwisha kuchanwa na kondakta: ukionyesha hicho hakuna atakayekuuliza nauli. Nywila haiulizwi, namba ya simu ya uthibitisho haiulizwi. Walioweka kiraka na kuishia hapo waliziacha tokeni zilizoibwa zikiwa hai. Ilibidi zitolewe amri za kuua sesheni zote, kila mtu aingie upya.

Ya mwisho kwenye jambo hili, halafu tunaingia kwenye kazi. Kwenye ile hitilafu ya Ivanti ya Januari 2025, wachunguzi wa kampuni ya usalama ya Mandiant walikuta programu ya wadukuzi waliyoiita PHASEJAM. Fundi akibonyeza kusasisha, PHASEJAM inazuia toleo jipya lisiingie, halafu inamchorea ule mstari wa maendeleo. Mstari unasogea, hatua zinapita moja baada ya nyingine, kila kitu kinaonekana kama siku zote. Hakuna kilichosasishwa. Mtu alikaa akautazama mstari wa kuchorwa kama anavyotazama mpira.

Na Septemba 2025, kwenye fayawoli za ASA za kampuni ya Cisco, wavamizi walionekana wakizima logi, yaani kumbukumbu za matukio, wakiziteka amri ambazo fundi anaandika, na kukiangusha kifaa makusudi ili kisichunguzwe. Kwenye baadhi ya ASA 5500-X za zamani, zisizo na kinga ya kuhakiki programu wakati wa kuwaka, walibadilisha hata ile programu ya kwanza kabisa inayoamka kifaa kikiwashwa. Kifaa cha namna hiyo unakiuliza "una mgeni?" na anayejibu ni mgeni.

Jambo la nne ni fupi. Msiamini neno "hili haliwezi kutumiwa". Februari 2025 Ivanti walitoa toleo 22.7R2.6, ndani yake wamerekebisha lumbesa moja ambayo waliiona haina madhara, kwa sababu kilichoweza kumwagika ni tarakimu na nukta tu. Nani anateka kifaa kwa tarakimu na nukta? Katikati ya Machi kuna waliofanikiwa. Tarehe 3 Aprili ikatangazwa upya kwa namba CVE-2025-22457, safari hii kama hatari kubwa. Fundi aliyesasisha Februari bila kujua sababu alikuwa salama. Aliyesubiri tangazo lenye herufi nyekundu alichelewa. Na wenye fayawoli za WatchGuard: hitilafu ya CVE-2025-9242 ya Septemba 2025 iko kwenye iked, sehemu inayoshughulikia VPN ya aina ya IKEv2. Hata kama uliifuta VPN ya wafanyakazi wa nje, kifaa kinaweza kuwa bado kiko wazi iwapo kimebaki na VPN ya tawi yenye anwani isiyobadilika. Ulichokifuta kwenye ukurasa hakikufutika chote ndani. Nendeni 12.11.4 au zaidi, na wenye mfululizo wa 2025.1, nendeni 2025.1.1 au zaidi.

Sasa mikono kazini.

Anza kwa kujitazama kutoka nje. Zima wifi ya ofisi kwenye simu yako, tumia bando lako, andika anwani ya umma ya ofisi kwenye kivinjari: kwanza mlango 443, kisha 4443, 8443, 10443. Ukiona ukurasa wa kuingilia wa admini, yaani msimamizi, wa fayawoli, funga safari ya kurudi ofisini leo hii. Ukurasa huo hauna sababu ya kuonekana kutoka intaneti. Kwa VPN ya aina ya IPsec, tumia programu ya nmap kutoka nje kuangalia milango ya UDP 500 na 4500. Anwani zako tu, ndugu zangu. Ukigonga za jirani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitajali kwamba ulikuwa unajifunza.

Kisha punguza. Hapa ndipo kazi ya bei nafuu kuliko zote ilipo. SSL-VPN uliyoiwasha mwaka 2020 watu walipokuwa wanafanyia kazi nyumbani, nani anaitumia leo? Fungua orodha ya walioingia kwa siku 90 zilizopita. Kama ni wewe na mkuu wa idara aliyestaafu, izime. Fortinet wenyewe wameiondoa njia ya handaki ya SSL-VPN kuanzia toleo 7.6.3 la FortiOS, programu ya ndani ya FortiGate. SNMP, huduma ya kufuatilia kifaa kwa mbali, upande wa nje, zima. Ukurasa wa admini, ufungue kwa anwani mbili tatu za ndani tu. Huduma iliyozimwa haina kipande cha kusomea kinachosubiri lumbesa.

Kabla ya kusasisha, kusanya ushahidi. Msifanye kinyume. Ukizima na kuwasha, kilichokuwa kwenye memori kimepotea, na wadukuzi wengi wa aina hii wanaishi humo humo kwenye memori. Kwenye FortiGate andika get system status uone toleo, halafu diagnose debug crashlog read. Unatafuta nini? Unatafuta sslvpnd, programu inayoendesha SSL-VPN, ikianguka na "Signal 11", tena na tena, hasa saa ambazo ofisi imelala. Sababu ni hii: mdukuzi anapokisia anwani ya kurudi na kukosea, programu inakwenda mahali pasipokuwepo na inaanguka, kisha kifaa kinaiwasha upya chenyewe. Watumiaji wataona VPN imekatika sekunde chache, watalaumu mtandao, na wewe utalaumu umeme. Maanguko kumi saa tisa usiku, kisha kimya, ni dalili mbaya kuliko maanguko yanayoendelea. Kimya maana yake huenda amepatia. Wenye ASA, show version inawapa toleo na muda kifaa kilivyokaa bila kuzimwa. Muda huo ukiwa mfupi kuliko unavyokumbuka, uliza kwa nini.

Hifadhi hizo logi nje ya kifaa. Kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4, Linux na rsyslog, programu ya kupokea logi, mlango 514, inatosha kabisa. Mgeni akifuta logi kwenye fayawoli, nakala iko chumba kingine. Na saa ziwe sawa, zote ziongozwe na NTP, huduma ya kulinganisha saa. Fayawoli iliyoachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu saa tatu, na kwenye uchunguzi saa tatu hizo zitakufanya umshuku mlinzi wa zamu asiyehusika.

Kusasisha kwenyewe. Usiruke. Anayetoka 6.4 kwenda 7.4 anapita vituo, na kampuni inatoa orodha ya vituo kwa kila modeli. Ukiruka, kifaa kinaweza kuwaka huku nusu ya sheria zako zimepotea, na sheria iliyopotea haipigi kelele. Pakua kwenye tovuti ya kampuni, siyo kwenye kundi la WhatsApp hata kama aliyelituma ni mtaalamu, na linganisha alama ya hakiki ya faili kabla ya kulipakia. Mkataba wa huduma ukiwa umekwisha, kampuni nyingi zinakataa kukupa faili. Kwa hiyo tarehe ya mkataba iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu, siyo kwenye kichwa cha fundi. Fanya kazi juu ya UPS. Ya VA 650 inaitunza fayawoli ndogo na swichi yake vizuri, mradi printa ya leza isichomekwe hapo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika toleo jipya, una hatari ya kubaki na tofali lisilowaka tena. Uwe na waya wa konsoli, unaounganisha kompyuta moja kwa moja na kifaa, mkononi, kasi 9600, na uwe umeujaribu kabla.

Ukimaliza, usiuamini mstari wa maendeleo. Ingia upya, soma namba ya toleo, soma na muda tangu kiwake. Vyote viwili vikubaliane na ulichofanya.

Halafu ndiyo tunamtoa mwizi. Ua sesheni zote. Badilisha nywila za maadmini wote. Pekua orodha ya maadmini, utafute jina usilolijua. Na ukikuta "support" au "test", usijiambie kwamba labda mzabuni aliliacha, mpigie simu umuulize. Badilisha ufunguo wa VPN wa kila tawi, pande zote mbili kwa wakati mmoja, la sivyo tawi la Chunya litakuwa gizani asubuhi. Badilisha cheti na ufunguo wake. Na ile akaunti ambayo fayawoli huitumia kuulizia watumiaji kwenye seva: ofisi nyingi zimeipa mamlaka yote ya mtandao kwa sababu siku ile ya kufunga ilikuwa Ijumaa jioni. Inahitaji kusoma tu. Ipunguzeni.

Na ukiona dalili za kweli? Usiweke kiraka juu ya kidonda. Toa waya wa nje, usizime kifaa mpaka umechukua ushahidi, kisha kifute chote na kuweka programu safi kupitia konsoli. Mipangilio irudishe kutoka nakala ya kabla ya uvamizi, uisome mstari kwa mstari, kwa sababu nakala ya jana inamrudisha na admini aliyeongezwa juzi. Toa taarifa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta, walio chini ya TCRA. Kama nyuma ya fayawoli kuna taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inatakiwa kujulishwa. Mwambie mkuu wako siku hiyohiyo, usingoje ripoti ya robo mwaka.

Basi, karatasi zile. Mwenye ASA 5512 au 5515, mwenye FortiOS 6.0 au 6.2, mwenye WatchGuard yenye programu ya Fireware ya 11, asogee upande wa dirisha. Kwenu hakuna kiraka kinachokuja, vifaa vyenu vimemaliza muda, na tutakaa pamoja kuandika barua ya maombi ya fedha ambayo mkuu wa manunuzi ataielewa. Wenye VPN iliyo hewani na tarehe ya kabla ya Aprili 2025 kwenye mstari wa tatu, hapa mbele. Mlio na njia ya kuingia kwenye fayawoli zenu kutoka hapa tutaangalia crashlog pamoja sasa hivi. Na yule mwenye mstari wa pili mtupu, usione haya, mko wengi. Piga simu ofisini, aliyebaki huko ashuke chumba cha seva na asome kilichoandikwa kwenye skrini. Tunasubiri.